Peasi la mfalme na sufuria la mama lishe

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimeacha kazi au nimeoa. Sijaacha, sijaoa. Kuna jambo nimekuwa nikilizunguka kwa muda mrefu, kila nikikaa kuliandika naahirisha. Leo nalitua.

Swali kwanza. Ukishika gazeti unaanza na nini? Usinidanganye kwamba unaanza na tahariri. Mimi mwenyewe, niliyekaa chuo kikuu miaka mitatu nikifundishwa uandishi wa habari, nakiri hapa mbele yenu: naanza na kibonzo. Stori yangu niliyoihangaikia siku mbili naitafuta baadaye. Hata wale jamaa wanaosoma magazeti bure, wamesimama kwenye meza ya muuzaji pale kituoni, macho yao yakishamaliza vichwa vya habari yanatafuta katuni.

Basi bwana, ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2021, wiki zile wamachinga na mama lishe walipokuwa wanaondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam. Nilikuwa na miezi michache tu kazini. Jioni moja mchoraji wetu, kaka mmoja mpole anayeongea kwa nadra, akaleta kibonzo chake mezani kwa mhariri. Kigogo mmoja, kitambi kinagusa magoti, ametandaza kochi lake katikati ya njia ya waenda kwa miguu. Watu wanashuka barabarani kumpisha, magari yanawakosakosa. Yeye amenyoosha kidole kwa mama mwenye kimeza cha nyanya kilichojibana pembeni kabisa, anafoka: "Ondoa hicho, unaziba njia!"

Mhariri alikitazama akacheka. Alicheka kweli, nilimwona. Kisha akakirudisha. "Kizuri sana. Lakini huyu sura yake inajulikana. Kesho simu hii haitanyamaza. Nipe kingine."

Ilikuwa saa tatu usiku na kiwandani walikuwa wanasubiri kurasa. Mchoraji akabaki anaitazama karatasi yake. Hapo ndipo kiherehere changu kilipopanda. "Mchore mama lishe anakimbia na sufuria kichwani," nikasema. "Wali unamwagika njia nzima, wateja wako nyuma yake na sahani mkononi, bado wanatafuna."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikanogewa. Nikaanza kumpa mchoraji vitu vya kuongeza: mama awe mnene, kandambili moja imebaki nyuma, na juu ya kilemba avae kofia ya sufi ya rangi mbili. Dakika ishirini kikawa tayari. Kikapita bila neno. Usiku ule nililala najiona nami nimeingia katika historia ya vibonzo.

Historia yenyewe nilikuwa siijui. Nilikuja kuisoma baadaye, kwa aibu, na sababu ya aibu hiyo nitawaambia mwishoni. Ngoja kwanza niwasimulie nilichokikuta.

Picha hizi zinazomkuza mtu pua au kumvimbisha tumbo ili tumcheke, wataalamu wanaziita karikatura. Neno limetoka kwenye kitenzi cha Kiitaliano, caricare, maana yake kupakia, kubebesha mzigo. Mchoraji Annibale Carracci wa Bologna, aliyefariki mwaka 1609, hutajwa miongoni mwa walioianza sanaa hiyo. Kwa hiyo tangu jina lake, kazi ya mchoraji huyu ni kumbebesha mtu mzigo. Liwekeni neno hilo akiba, tutalirudia.

Miaka 200 baadaye mambo yalikuwa yamechangamka London. James Gillray alikuwa anachora, na picha zake zinauzwa moja moja katika duka la mama mmoja aliyeitwa Hannah Humphrey. Asiye na hela alisimama dirishani akatazama bure, kama wale jamaa zetu wa kituoni. Mwaka 1805 Gillray alimchora Waziri Mkuu wa Uingereza, William Pitt, amekaa meza moja na Napoleon, wanaikata dunia kwa visu kama keki, kila mmoja anajimegea pande lake. Na Napoleon ndiye nataka mumwangalie. Mpaka leo ukimuuliza mtu yeyote atakwambia Napoleon alikuwa kibeti. Hakuwa. Alikuwa na kama mita 1.68, kimo cha kawaida tu kwa Mfaransa wa enzi zake. Waliomfupisha kwa sehemu kubwa ni wachoraji wa Kiingereza, Gillray akiwa mstari wa mbele. Jamaa aliyeitikisa Ulaya nzima ameshindwa kuinyoosha picha yake hadi karne hii!

Lakini waliokuja kunikamata roho ni Wafaransa. Mwaka 1830 Charles Philipon alianzisha gazeti la La Caricature, na 1832 akaongeza lingine, Le Charivari. Wakati huo kulikuwa na uchapaji wa litografia, uliogunduliwa na Mjerumani Alois Senefelder miaka ya 1790. Mchoraji anachora moja kwa moja juu ya jiwe kwa chaki ya mafuta, jiwe linapakwa wino, nakala zinatoka. Hakuna tena kukaa siku nyingi ukichonga bamba la shaba. Mfalme akifanya kituko leo, baada ya siku chache Paris nzima inacheka.

Mfalme mwenyewe alikuwa Louis-Philippe, mashavu yamejaa, kichwa chembamba juu na kipana chini. Novemba 1831 Philipon alishtakiwa kwa kumtukana. Utetezi wake mahakamani ulikuwa wa ajabu. Akachora sura ya mfalme. Pembeni akachora sura ya pili, imelegea kidogo. Ya tatu imelegea zaidi. Ya nne ikawa tunda la peasi, haya haya mapeasi yanayoletwa mjini kutoka Lushoto. Hoja yake ilikuwa hivi: kama kufanana na mfalme ni kosa, basi mnieleze kosa linaanzia picha ya ngapi, au mkakamate na mapeasi. Alifungwa miezi sita na kupigwa faini ya faranga 2,000. Lakini mji ulishacheka, na mapeasi yakaanza kuchorwa kwenye kuta za Paris. Mwaka 1834 mahakama ilipolitia hatiani Le Charivari na kuliamuru lichapishe hukumu, walitii. Waliichapisha hukumu yote, ila herufi zilipangwa zikatokea umbo la peasi. Jamani!

Kwenye kundi hilo alikuwemo kijana Honoré Daumier, alikuwa na miaka 23 tu. Alimchora mfalme kama jitu limekaa kwenye kiti, ulimi wake umekuwa ngazi, na watu maskini wanapanda na vikapu vya fedha kwenda kuvimwaga mdomoni mwake. Naye akaenda jela 1832. Alipotoka hakunyamaza. Aprili 1834 askari waliingia katika nyumba moja mtaa wa Transnonain, Paris, wakaua wakazi wake. Daumier akachora chumba cha kulala: mwanamume amekufa na nguo zake za usiku, chini yake kuna mtoto mdogo. Hakuna utani wowote kwenye picha ile, na hakuna pua iliyokuzwa. Serikali ikazikamata nakala zake.

Mwaka 1835 mfalme aliponea chupuchupu kuuawa, na Septemba ikaja sheria mpya: picha yoyote lazima ipate kibali kabla ya kuchapwa. Maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Serikali ilijenga hoja kwamba maandishi ni maoni, lakini picha inasema na macho ya watu, kwa hiyo imeshakuwa kitendo. Niliposoma hapo nilisimama. Waliokuwa wanaipiga vita picha waliielewa kuliko sisi tunaoichapisha. Maandishi yanataka mtu aliyesoma, mwenye nafasi na hela ya gazeti. Picha haitaki hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hiki ndicho kilichonichoma. La Caricature ilifungwa mwaka huo huo wa 1835. Daumier akabaki Le Charivari, anahitaji kula, na mfalme hachoreki tena. Akageukia mambo ya mjini: mawakili, matapeli, wenye nyumba na wapangaji wao. Nyingi ni kazi nzuri mno. Lakini mwaka 1844 alitoa mfululizo wa picha 40 kuwacheka wanawake waliothubutu kuandika vitabu. Katika mojawapo mama ameinamia karatasi zake mezani, anaandika kwa moto wote, na nyuma yake mtoto wake amedumbukia kwenye beseni la kuogea, kichwa chini miguu juu. Kibali kilipatikana.

Mkono ni ule ule uliochora Transnonain. Tumezoea kudhani mchoraji akizibwa mdomo ananyamaza. Hanyamazi. Kesho gazeti linatoka na ile nafasi lazima ijae. Anamtafuta wa kumcheka ambaye hana wa kumpigia simu.

Na sio Ufaransa tu. Marekani alikuwepo Thomas Nast, mtoto wa wahamiaji kutoka Ujerumani, mchoraji wa jarida la Harper's Weekly. Mwaka 1871 alimwandama William Tweed, bosi wa siasa za New York aliyekuwa anaiba fedha za jiji bila haya. Wapiga kura wengi wa Tweed walikuwa hawasomi magazeti, lakini picha walizielewa. Tweed alifungwa, akatoroka, akakimbilia Hispania, na huko mwaka 1876 alikamatwa kwa kutambuliwa kupitia mchoro wa Nast. Utamu wa stori hiyo unaujua mwenyewe kama ni mwandishi. Ila Nast huyo huyo aliwachora wahamiaji wenzake wa Ireland na sura za nyani. Siku moja mzigo juu ya bosi mwizi, siku nyingine juu ya kibarua aliyeshuka melini jana.

Turudi nyumbani. Baba yangu mpaka leo kila kibonzo anakiita "chakubanga", kutokana na Chakubanga wa Christian Gregory aliyekuwa akitoka kwenye gazeti la Uhuru. Kisha likaja jarida la Sani, na akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Jirani zetu Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, na tangu 1973 jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Nimecheka sana na nakala za zamani za Sani alizotunza baba. Lakini hesabuni ni nani anayechekwa humo: mlevi, lofa wa mjini, mume anayekimbizwa na mkewe. Enzi za chama kimoja, Rais hakuwa na pua ya kuchorwa.

Miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, mlango ukafunguka kidogo. Kenya, akina Paul Kelemba, yaani Maddo, na Mtanzania wetu Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliyejiunga na magazeti ya Nation mwaka 1992, wakapata upenyo wa kumchora Rais Moi. Hapa kwetu Masoud Kipanya akatuzoesha kapanya kake kanakosema tunachokiogopa. Mlango wenyewe haujawahi kufunguka wote. Januari 2015 serikali yetu ilizuia gazeti la The EastAfrican kuingia nchini. Sababu iliyotolewa ni kwamba halikusajiliwa Tanzania, ingawa lilikuwa limeuzwa hapa miaka na miaka. Watu wengi waliihusisha hatua hiyo na kibonzo cha Gado kilichomchora Rais Kikwete. Mwaka 2016 mkataba wa Gado na Nation haukuendelezwa.

Naombeni niseme na hili, japo linauma. Kalamu ikizoea kushuka, haina breki. Ujerumani ya Hitler gazeti la Der Stürmer lilijaza kurasa zake picha za Wayahudi wenye sura za kutisha, na mwenye gazeti, Julius Streicher, alinyongwa 1946 baada ya kesi ya Nuremberg. Rwanda kulikuwa na jarida la Kangura, nalo lilichapisha katuni. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alitiwa hatiani mwaka 2003 hapa hapa kwetu, Arusha, katika mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari. Sisemi kibonzo changu cha mama lishe ni ndugu wa hayo. Hapana. Nasema tu kwamba kicheko cha kumcheka aliye chini ni rahisi kukipata, na mahali popote ukikipata kirahisi hivyo, jikague.

Haya, sasa ile aibu.

Kama wiki mbili baada ya kibonzo kutoka nilimtafuta mama lishe ninayekula kwake. Alikuwa amehamia uchochoroni nyuma ya gereji, hana meza tena, ana benchi moja na ndoo. Juu ya kilemba ana kofia yake ya sufi ya rangi mbili, ile ile, anavaa hata jua likiwaka vipi. Sasa mmeshaelewa. Ile kofia sikuibuni. Usiku ule natafuta kitu cha kuwachekesha wenzangu, nilimchukua yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe upo."

Akanipakulia wali maharage. Nikala. Nilipomaliza akaingiza mkono chini ya beseni la chapati akatoa kipande cha gazeti, kimekunjwa mara nne, kina mafuta. Yeye hanunui magazeti ya kusoma. Ananunua ya zamani kwa kilo, ya kufungia chapati.

"Mwanangu, wewe si uko magazetini? Huyu ni mimi?"

Wadau, nimewahi kuuliza maswali kwa mawaziri na sikutetemeka. Hapo nilitetemeka. Nikasema, "Ni... ni mama lishe tu, mama. Yeyote."

"Na kofia?"

Sikujibu. Hakupandisha sauti. Aliikunjua picha vizuri akaiweka kwenye benchi, akaipitisha kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha.

"Nimewatafuta waliokuwa wananifukuza, siwaoni. Nikageuza na upande wa pili, huku kuna matangazo ya viwanja. Mtu anakimbia hivi, hakuna anayemkimbiza? Atakayeiona atajua mimi ni kichaa."

Hilo ndilo swali ambalo chumba kizima cha habari, wasomi watupu, hatukujiuliza. Waliokuwa wanamfukuza tulikuwa tumewaondoa kwenye ukurasa saa tatu usiku, pamoja na kochi lao.

Na kuna jambo moja sijalisema hadi hapa. Siku meza yake ilipoondolewa nami nilikuwepo, nakula. Wale wateja wanaokimbia na sahani mkononi sikuwatoa kichwani. Nilikuwa mmoja wao. Nilikimbia, sahani nikaiacha juu ya ukuta, na hela sikulipa. Shilingi 2,500. Yeye alikuwa amepoteza meza, sufuria mbili na wali wa siku nzima, mimi nikapata pa kuchekea.

Nikamwambia. Nikatoa noti ya elfu tano, ya siku ile na ya leo. Akaipokea, akaiangalia kwenye mwanga kama anavyoangalia noti za wateja wote, akaiweka kwenye kopo. Leo alikuwa amepunguza bei, sahani ni 2,000. Akanihesabia chenji ya mia tano. Nikasema abaki nayo. Akanishikisha mkononi. Kisha akamgeukia mteja mwingine, fundi wa gereji, akamuuliza kama anataka na mchicha.

Niliporudi ofisini nilimweleza mchoraji wetu. Alikaa kimya kitambo. Halafu akafungua droo, akatoa kile kibonzo cha kwanza, cha kochi. Hakukitupa. Akasema ana vingine kumi na vitatu humo, na ana kawaida ya kuandika nyuma ya kila kimoja tarehe na kibonzo kilichotoka badala yake. Akanionyesha. Mama mkwe. Mlevi. Konda wa daladala. Mlevi tena. Mpangaji aliyeshindwa kodi. Nyuma ya kile cha kochi ameandika: mama lishe.

Tulikipeleka tena kwa mhariri wiki ile. Alicheka tena. Hakikutoka, na hadi naandika haya hakijatoka.

Nilichobadilisha mimi ni kidogo. Siku hizi kila kibonzo kinapopita mezani kwetu nauliza swali la yule mama, anayemkimbiza yuko wapi. Wenzangu wameshanipa jina, wananiita "Anayemkimbiza". Wakati mwingine jibu linamfanya mchoraji arudi kwenye meza yake akaongeze mtu. Wakati mwingine kibonzo kinapigwa chini na tunabaki na nafasi tupu saa tatu usiku. Hapo ndipo wote wananigeukia niseme kitu cha kuchekesha.

Kwake bado nakula. Kofia bado anavaa. Chapati zake bado anafungia magazeti, na mimi kila akinifungia naigeuza kwanza karatasi nione tumechapa nini.